Protoni Nilizozificha

Habari za kifo cha Jean Cleymans zilinikuta kwenye foleni ya chapo madondo, kibandani nyuma ya jengo tunalofanyia kazi. Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2021. Barakoa kidevuni, simu mkononi, napitisha muda tu. Kisha nikaliona jina lake, na miaka miwili kando yake: 1944 na 2021. Nikatoka kwenye foleni.

"Wee, leo huli?" mama wa chapo akaniuliza.

Nikamwambia kuna mtu ameaga. Akanipa pole, akauliza kama ni wa familia.

Sasa hapo ningemjibu nini? Mtu mwenyewe ni Mbelgiji, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Sikuwahi kukutana naye. Sikuwahi hata kumwandikia barua pepe. Nikasema, "Hapana. Alikuwa mwalimu." Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na chapo yangu akaifunga kwenye gazeti bila kuniuliza tena.

Jioni hiyo ndani ya matatu nilitafuta mtu wa kumwambia, nikakosa. Watu wa kazini wananijua kama dada wa data, yule anayekaa pembeni na kompyuta mbili na kukisia ni nani atalipa mkopo na ni nani atazima simu. Hawajui kwamba kuna mwaka mzima wa maisha yangu nilioutumia kuhesabu chembe ndogo kuliko atomu. Sijawahi kuwaambia. Na sababu ya kutowaambia ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Wacha kwanza nikueleze alichokuwa akifanya huyu mzee, kwa sababu bila hilo utadhani nalia tu.

Chukua kiini cha atomu ya risasi. Nasema risasi ile ya madini, metali nzito, si ya bunduki, ingawa Kiswahili chetu kimeamua kuziita zote jina moja. Kiini hicho kina protoni 82 na neutroni 126. Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kuna njia ya mviringo iliyochimbwa chini ya ardhi, yenye mzingo wa kilomita 27. Humo viini vya risasi huzungushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, kundi moja likienda huku na jingine likija, halafu vinagonganishwa. Vya kwanza viligonganishwa humo Novemba 2010. Pale vinapogongana, kwa muda mfupi ambao huwezi hata kuutajia jina, joto hupanda hadi zaidi ya mara 100,000 ya lile la katikati ya jua. Protoni na neutroni zinayeyuka. Vilivyokuwa vimefungiwa ndani yake, yaani kwaki na gluoni, vinaachiliwa na kuwa mchuzi mmoja wa moto. Wanafizikia wanasema ulimwengu wote ulikuwa mchuzi huo mara tu ulipoanza, kabla hata sehemu ya milioni chache ya sekunde kupita.

Shida ni kwamba mchuzi wenyewe hakuna anayeuona. Unapoa na kuganda kabla haujafika popote. Vinavyofika kwenye mitambo ni mabaki: maelfu ya chembe zinazoitwa pioni, kaoni, protoni na jamaa zao. Kazi ya Cleymans ilikuwa kuyasoma hayo mabaki na kusema moto ulikuwaje.

Mimi huwa naieleza hivi. Fikiria Marikiti saa kumi na moja jioni. Watu wanabadilishana: huyu anatoa nyanya anapata vitunguu, yule anauza maembe anapata pesa, anazigeuza kuwa viazi. Soko likiwa moto, kila kitu kinaweza kugeuka kuwa kitu kingine. Kisha mvua inapiga. Biashara inakatika ghafla, na kila mtu anaondoka na alichokuwa nacho mkononi wakati ule. Wewe hukuwepo sokoni. Umesimama steji, unachungulia vikapu vya wanaopanda matatu. Je, kwa kuhesabu nyanya na viazi tu, unaweza kusema soko lilikuwa moto kiasi gani lilipofungwa?

Unaweza. Hilo ndilo jambo la ajabu. Ukijua namba mbili kuu, halijoto na nyingine inayoonyesha maada inazidi kiasi gani kinyume chake, unaweza kukisia uwiano wa chembe za aina nyingi kwa mpigo, na makisio yakakaribiana sana na kile mitambo ilichohesabu. Mwaka 1998, Cleymans na mwenzake kutoka Poland, Krzysztof Redlich, walilinganisha migongano ya nguvu tofauti kabisa, kuanzia midogo iliyofanywa Ujerumani hadi mikubwa ya CERN. Halijoto zilitofautiana. Lakini walipochukua nishati yote na kuigawa kwa idadi ya chembe, wakati ule ambapo kubadilishana kunakoma, jibu lilikuwa lilelile kila mahali: karibu GeV 1 kwa kila chembe. Yaani soko liwe la kijijini au la jijini, linafungwa wastani wa kila mtu ukishuka hadi kiwango kilekile.

Makala yenyewe ni fupi. Iko bure mtandaoni. Na kwa mwanafunzi wa chuo Kenya, hilo neno "bure" ni kubwa kuliko GeV zote.

Mimi niliipata mwaka 2015, nikiwa mwaka wa nne. Mhadhiri wetu wa fizikia ya viini alikuwa mtu wa shati la mikono mirefu na kalamu tatu mfukoni, aina ya mtu ambaye hata akitania huwezi kujua. Tulikuwa tumebaki wanafunzi sita katika darasa lake. Wengine wote walikuwa wamekimbilia kozi zenye kazi. Siku moja akaniita ofisini, akanipa flashi iliyofungwa kwa mpira wa pesa. "Humu kuna makala na programu," akasema. "Programu inaitwa THERMUS. Imeandikwa Cape Town. Hatuna mtambo wa kugonganisha kitu hapa, lakini hesabu hazihitaji viza."

THERMUS iliandikwa na Spencer Wheaton na Cleymans, pamoja na wenzao. Haiuzwi. Unaiweka kwenye kompyuta, unaipa idadi ya chembe zilizopimwa, nayo inakutafutia halijoto inayolingana nazo. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza kuona kwenye kazi kubwa kama hiyo jina la chuo cha bara letu, na halikuwekwa pale chini kwenye orodha ya shukrani.

Niliifanyia kazi kwa laptopu ya kuazima, yenye betri iliyokufa. Stima ikipotea hosteli, na nusu saa ya hesabu imepotea. Nilijifunza kuamka saa tisa usiku kwa sababu saa hiyo bando lilikuwa la bei nafuu na stima haikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilichukua vipimo vya migongano ya risasi vilivyotolewa na ALICE. Hilo ni jaribio kubwa la CERN, mtambo wa tani 10,000 na urefu wa mita 26. Nikaviingiza. Siku ambayo namba ilitoka, MeV 156 hivi, nilitoka nje nikakimbia uwanjani peke yangu. Ni kama nyuzi za Kelvin trilioni 1.8. Mimi, binti wa fundi wa baiskeli, nimepima joto la mwanzo wa dunia nikiwa nimevaa kandambili.

Lakini grafu ilikuwa na kasoro. Pioni zilikaa kwenye mstari. Kaoni zilikaa. Protoni zikakataa. Zilikuwa chache kuliko programu ilivyotaka. Nikarudia. Nikarudia tena. Wiki mbili nzima, protoni ni zilezile, zimekaa chini ya mstari zikinitazama. Nikajua nimekosea mahali, na muda ulikuwa umeisha. Basi nikafanya kile ambacho watu hufanya. Nikazitoa. Nikachora grafu bila protoni, safi, ya kupendeza, nikaipeleka.

Daktari aliitazama kwa dakika moja hivi. "Protoni ziko wapi?"

Nikaanza kujieleza. Akanikatiza kwa upole. "Binti yangu, data si mgeni wa kufichiwa vyombo vilivyovunjika. Zirudishe. Ukishindwa kuzieleza, andika kwamba umeshindwa."

Nikazirudisha, nikiwa nimekasirika, na nikaandika sentensi moja kwamba sababu haijajulikana kwangu. Nikapewa alama nzuri, nikasahau.

Baadaye mwaka huohuo nilipata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nje ya nchi. Wiki tatu kabla ya kuondoka, baba akaanguka kwenye kibanda chake cha baiskeli. Kiharusi. Mimi ni kifunguamimba, na nyuma yangu kulikuwa na watatu. Hakuna aliyeniambia nisiende. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Nikaandika barua ya kukataa nafasi, nikatafuta kazi, nikaipata kwenye kampuni ya mikopo ya simu. Siku ya mahojiano waliniuliza kama naweza kuchambua data nyingi yenye makosa. Nikacheka kidogo. Nikasema naweza.

Daktari alinipigia simu mara mbili mwaka huo. Sikushika. Nilikuwa naona aibu. Alikuwa amenipa flashi, amenipa muda wake, na mimi nimegeuka kuwa mtu wa kuhesabu madeni. Kadiri muda ulivyopita ndivyo simu ilivyozidi kuwa nzito. Ukikaa mwaka bila kumpigia mtu unahitaji sababu. Ukikaa miaka mitano unahitaji ujasiri.

Ndiyo maana habari ile ya Februari ilinipiga vile.

Nilisoma taazia zake usiku huo hadi saa nane. Cleymans alizaliwa Ubelgiji mwaka 1944. Miaka ya 1980 akahamia Cape Town, na huko ndiko alikofanyia kazi hadi uzeeni. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu alienda kucheza mbali na kwao, na huko ndiko alikotunzwa. Aliongoza kituo cha utafiti cha UCT-CERN, na alikuwa miongoni mwa watu walioipigania Afrika Kusini hadi ikaingia ALICE. Mwaka 2008 nchi hiyo ikazindua mpango wake rasmi na CERN. Kundi la Cape Town likafanyia kazi programu za kuchuja data papo hapo, migongano ikiwa bado inaendelea. Yaani kijana wa Afrika hakuwa tena mtu wa kusoma matokeo ya wengine miaka mitatu baadaye. Alikuwa ndani ya chumba.

Na hakuacha. Mwaka 2020, mwaka ule wa korona tulipokuwa tumefungiwa nyumbani tukioka mikate, jina lake lilikuwa bado linatoka kwenye makala mpya. Alikuwa na miaka 75 na kitu. Kwetu mtu akistaafu tunampa saa ya ukutani, blanketi na hotuba ya mwenyekiti wa bodi, halafu tunamsahau hadi siku ya kuchapisha ratiba ya mazishi yenye picha za rangi. Siku hiyo ndiyo tunakumbuka kwamba alikuwa mtu muhimu sana.

Nikawaza: kuna mtu mmoja ambaye bado hajachapishiwa ratiba.

Lakini sikupiga simu siku hiyo. Ningependa kusema nilipiga. Sikupiga.

Kilichonisukuma ni kitindamimba wetu. Alikuwa kidato cha nne, na mtihani wa KCSE wa 2020 ulikuwa umesogezwa hadi Machi 2021 kwa sababu ya korona. Mama akanipigia Jumapili moja. "Ongea na ndugu yako. Anasema anataka fizikia. Fizikia tupu, si uhandisi, si udaktari. Mwambie. Wewe unajua."

Wewe unajua. Maneno mawili tu, lakini yalikuwa yamebeba miaka yote sita.

Nikamwambia mama kwamba fizikia si mbaya. Nikamweleza habari za mzee wa Cape Town, jinsi alivyosomea mambo ya kugonganisha risasi hadi akasifiwa dunia nzima.

Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Kwani alikuwa polisi?"

Nilicheka hadi nikatoka machozi, na katikati ya kicheko hicho nikagundua machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

Jumatatu yake nilimpigia Daktari. Alikuwa amestaafu, amerudi nyumbani kwao, anafuga ng'ombe wawili wa maziwa. Nilisikia jogoo nyuma yake. Nikaanza, "Habari za siku nyingi, Daktari, sijui kama unanikumbuka..."

"Ulizificha protoni," akasema.

Nikakosa neno.

"Nilikupigia mara mbili ule mwaka," akaendelea, bila lawama, kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi. "Nilitaka kukuambia kitu. Nimesoma makala kadhaa. Hizo protoni zinawasumbua wote. Hata wao wenyewe huko CERN. Zinatoka chache kuliko modeli inavyotaka, na wanabishana kwa nini. Hukuwa umekosea."

Nilikaa sakafuni. Miaka sita nilikuwa nimebeba ile grafu kama ushahidi kwamba hata kama ningeenda, nisingeweza. Kwamba labda kiharusi cha baba kiliniokoa na aibu kubwa zaidi. Sijawahi kumwambia mtu hilo, na hata hapa naliandika kwa shida. Kumbe kasoro niliyoiona saa tisa usiku hosteli ilikuwa kasoro ya kweli, ileile iliyokuwa ikiwakosesha usingizi watu wenye mitambo ya tani 10,000. Na kama Daktari angeniacha niifute, nisingekuwa na chochote cha kuambiwa.

Nikamweleza kuhusu baba, kazi, mikopo. Nikaomba radhi kwa kutoshika simu. Akauliza kama baba bado yupo. Nikasema yupo, anatembea kwa mkongojo, bado anawafokea vijana wanaokaza nati vibaya. Akasema, "Basi hesabu yako ilitoka sawa." Kisha akauliza kama nimesikia kuhusu Cleymans. Nikasema ndiyo, ndiyo sababu ya kupiga. Tukanyamaza wote wawili kidogo. Nadhani huo ndio msiba pekee tuliomfanyia huyo mzee huku kwetu: watu wawili kwenye simu, na jogoo.

Ndugu yangu nilimwambia ukweli wote. Nilimwambia fizikia haitakupa kazi kwa jina lake. Nilimwambia niliacha, na kwa nini. Nilimwambia kuna watu walioishi Afrika, wakafanya sayansi kubwa Afrika, wakaacha mlango wazi nyuma yao, lakini mlango kuwa wazi si sawa na kuwa na nauli. Nikamwonyesha ile grafu. Nilikuwa bado nayo, kwenye barua pepe ya zamani.

Aliitazama sana. "Hizi za chini ni nini?"

"Protoni. Hazikukaa sawa."

"Kwa nini?"

"Wakati ule sikujua. Hadi leo watu wanabishana."

Akainua macho. Mimi nayajua macho hayo. Niliyaona kwenye kioo cha hosteli saa tisa usiku, mwaka 2015.

Alichagua ualimu, hisabati na fizikia. Mama alipata nafuu, kwa sababu mwalimu ni mtu anayeeleweka. Daktari namwita sasa kila mwezi, na nikipita upande wa kwao nampelekea gazeti na sukari, naye ananirudisha na maziwa. Mazungumzo yetu ni ng'ombe, siasa, na protoni. Ana miaka sabini na mitatu. Mwezi uliopita nilimwambia nataka kuandika kitu kumhusu. Akasema niandike kuhusu Cleymans, huyo ndiye aliyefanya kazi.

Nimeandika, Daktari. Lakini na wewe nimekuweka humu. Sikuzificha tena.